Betri ya Matabishi

Maman Martine hakunisalimia. Alifika dukani kwetu Nyawera akitokea hospitalini, kitenge kimekunjamana kwa kulalia kiti usiku kucha. Akapita katikati ya wateja bila kuomba njia, akaweka kopo la maziwa ya unga juu ya meza yangu ya kioo na kulifungua.

"Angalia kazi ya mikono yako, Zabibu."

Ndani kulikuwa na bomba la shaba nililomuuzia mwanawe, Bruno. Lilikuwa limepasuka ubavuni kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, na kile kichwa cha juu, pale mtu anapotia mdomo, kilikuwa na damu iliyokauka. Betri, ambayo sisi tunaiita pile, haikuwemo.

"Pile yake iko wapi, maman?" niliuliza, maana hilo ndilo swali la kwanza la fundi yeyote.

"Unaniuliza pile? Mutoto hana meno ya mbele, mudomo wanamushona sindano na sindano, na weye unaniuliza pile!" Alipiga kioo kwa kiganja. "Asubui nilipita ku nyumba kubeba nguo, yaya yako akakuya akaibeba. Alisema iko sumu, haifai kubakia karibu na batu. Na yeye alisema ukweli, si kama weye. Alisema: maman, mudogo yangu alikosea waya."

Yaya ndiye kaka yangu mkubwa, Nasoro. Nilimwangalia yule mama kama mtu aliyesikia jina lake likisomwa kwenye tangazo la mazishi. Mteja mmoja, aliyekuwa akingoja nimsukie waya mpya, alichukua kifaa chake taratibu pale mezani, akakitia mfukoni, akaondoka bila kuaga. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Bruno si mtu wa mbali kwangu. Tulikaa dawati moja shuleni, na yeye ndiye aliyekuwa akipulizia bomba la kalamu hadi mwalimu akamtoa nje. Leo, ukiona msafara wa harusi ukiteremka kutoka kanisani, na kijana amesimama nyuma ya pick-up ya mbele, mashavu yamejaa, tarumbeta inalia hadi watu wa vibarazani wanaacha sahani zao, ndiye huyo. Au ndiye aliyekuwa. Mpiga tarumbeta bila mdomo wa juu ni kama mshonaji bila vidole.

Lazima nieleze kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hutaona nilivyouzwa.

Vijana wa Bukavu wanavuta chicha ya umeme, yaani sigara ya mvuke, na vifaa vyake ni vya namna mbili. Kimoja kina akili: ndani yake kuna kikompyuta kidogo kinachokataa kuwaka kikiona hatari. Cha pili hakina akili hata chembe. Ni bomba tupu la shaba. Unatia betri moja ndani, chini kuna kitufe, juu kuna kichwa chenye waya uliosukwa mizingo mizingo na pamba iliyolowa. Ukibonyeza, waya unajichotea umeme kwenye betri bila wa kuusimamia, unawaka, na pamba inatoa mvuke. Hakuna wa kuuambia basi. Akili yote iko kwa mtu anayesuka waya na mtu anayechagua betri. Katika duka letu anayesuka waya ni mimi. Anayechagua betri ni yaya.

Zamani nilisuka nywele pale Feu Rouge, vidole ndivyo vile vile. Nikajifunza kwamba waya una ukaidi wake, rezistansi, nao hupimwa kwa om. Waya mwembamba na mrefu ni mkaidi, om zake ni nyingi, unaivuta betri pole pole. Waya mnene na mfupi hauna ukaidi, om zake ni chache, unaikamua betri bila huruma. Wale vijana wanaorudi kutoka machimboni Kamituga, viatu vipya na tope la njiani bado kwenye suruali, wote wanataka om chache, ili wakipuliza wingu wasionekane hata miguu. Huwa nawauliza, "Papa, unataka kuvuta ama unataka kujificha?" Wanacheka, lakini sisuki kitu kabla ya kupima, na sipimi mara moja tu.

Bruno alitaka nusu om. Nilimpigia hesabu mbele ya macho yake: betri iliyojaa ina volti nne na kidogo, ukizigawa kwa nusu om waya utadai amperi nane na ushei. Kwenye ngozi ya betri yetu, ile plastiki nyembamba inayoivika mwili mzima, paliandikwa amperi thelathini. Nafasi ilikuwepo tele. Nikampa masharti yangu kama ninavyowapa wote: usiitie betri mfukoni pamoja na funguo, funga kitufe unapotembea, usiguse waya bila kunirudia, na ukiona ngozi imechanika hata pa kucha, niletee niivishe nyingine, sikudai kitu. Ngozi za kuvalisha tulikuwa nazo nyingi. Yaya alizileta kwa mafurushi, na mimi nilidhani anajali sana usalama wa watu. Mjinga mimi.

Na betri yenyewe Bruno hakuinunua. Alipewa matabishi.

Kwetu huondoki sokoni bila matabishi. Ukinunua maharage, muuzaji anaongeza konzi moja juu. Ukinunua nyanya, anakutupia ndogo moja kwenye mfuko. Asiyetoa matabishi atasemwa hadi wajukuu wake wasikie. Yaya aliichukua desturi hiyo akaifanya sifa ya duka: nunua bomba, betri ni matabishi. Watu walitoka Kadutu, walitoka Walungu, wakiwapita wauzaji wengine wote. Nilipomuuliza inakuwaje tusipate hasara, alicheka na kusema baraka ya Mungu haina hasara. Aliibusu ile betri kabla ya kumpa Bruno, akasema, "Hii ni ya rafiki ya mudogo yangu," nasi tukacheka wote watatu. Matabishi hairudishwi, na hakuna anayeikagua. Nani amewahi kumuuliza muuza maharage ile konzi ya nyongeza imetoka gunia gani?

Mimi pia nilikuwa na bomba langu. Siku ya Idi, tulipomaliza kula pilau, yaya alinipa kifurushi: bomba dogo lenye rangi ya fedha na betri yenye ngozi ya zambarau, tofauti na zile za kijani za dukani. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Tangu mama yetu afariki Uvira, ni Nasoro aliyenilea. Aliacha shule ili mimi nisome, alinibeba mgongoni nilipougua malaria, na mume wangu aliponifukuza ni yeye aliyekuja na teksi kuchukua masanduku yangu bila kuniuliza nini kimetokea. Nililifungia bomba lile waya mpole, wa om moja na nusu, na kila asubuhi nilipokaa kusuka nilikuwa navuta kimvuke changu cha tangawizi. Yaya naye alikuwa na lake. Betri yake hakumruhusu mtu kuigusa wala kuichaji pamoja na zetu. Nilimtania kwamba ni bahili wa umeme.

Basi, Maman Martine alipoondoka na kuniachia kopo lile, nilifunga duka. Nilikikwangua damu na moshi kile kichwa kwa spiriti ya duka la dawa, huku nikimwomba Bruno radhi kimoyomoyo. Waya ulikuwa bado umekaa, mizingo yake haijalegea, haijagusa ukuta wa chuma upande wowote. Nikaweka kipimo. Nusu om. Nikasafisha tena, nikapima tena. Nusu om, vile vile ilivyotoka mikononi mwangu.

Niliteremka mbio hadi nyumbani, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Yaya alikuwa amekaa barazani na chai yake, kana kwamba siku ile ilikuwa kama siku zote.

"Yaya, waya haina kosa. Nilipima."

"Najua unapimaka muzuri," alisema.

"Sasa juu ya nini unawaambia batu ni waya?"

Alinivutia kiti. Sauti yake ilikuwa ile ya kunibembeleza nilipokuwa mtoto na homa. "Ikala, Zabibu. Sikiliza. Kosa ya waya iko kosa ya mutu moja, siku moja. Mutu anaomba pardon, inaisha. Kosa ya pile iko kosa ya duka nzima. Kamituga yote, Walungu yote, batu batarudisha. Tutakula nini?"

"Kama ilitoka mubaya ku usine, ku kiwanda yao, si kosa yetu. Nionyeshe ile pile niiangalie."

"Niliishaitupa mu muto ya Ruzizi."

"Kabla ya mimi kuiona?"

"Ingewaka tena. Unataka nyumba iungue?" Alipuliza chai. "Siku ya yenga tunaenda kwabo Bruno. Mimi njo nitasema, weye utanyamaza. Kisha utaenda Uvira kwa shangazi, utamusaidia kuuza vitenge mpaka batu basahabu. Nilishamupigia simu."

Yenga ni Jumapili. Alikuwa ameshapanga kila kitu: siku, maneno, hata mji wa kunitupa. Na katika vikao vyetu mambo ndivyo yalivyo, mkubwa wa familia ndiye anayesema, mdogo anainamisha kichwa. Mdogo akimkata kauli mkubwa wake mbele ya wageni, ni kama amemvua nguo barabarani. Yaya alijua nisingethubutu.

Sikulala vizuri siku zile. Nilikasirika, lakini ilikuwa hasira ya mtu kwa kaka yake mwoga, si ya mtu kwa adui yake. Nilifikiri anaogopa njaa. Nilifikiri pia kwamba akishayasema maneno yale mbele ya wazee, mimi si msuka waya tena. Bukavu ni mji wa milima na midomo: neno likitamkwa Muhungu saa ya misa, kabla ya chakula cha mchana limeshafika Panzi. Hakuna mtu atakayetia mdomoni waya niliousuka mimi. Nywele nilishaziacha, ndoa ilishaniacha, waya ndio ulionibakia, na ndio nilioupata kwa akili yangu mwenyewe.

Siku ya kikao nilikwenda nyuma ya yaya kama alivyotaka, nimejifunika mtandio. Lakini ndani ya mkoba nilikuwa na kipimo changu, kichwa cha bomba la Bruno, bomba langu la Idi, na pamba, maji ya tangawizi na kiwembe cha kazi. Nilikuwa nimepiga moyo konde.

Walikuwa wametungoja sebuleni. Papa Stanislas, kaka wa Maman Martine, alikaa kwenye kiti kikubwa, koti la misa bado mwilini. Maman Martine alikuwa kando yake, hakutazama upande wetu. Bruno alikuwa kwenye kona, bendeji kuanzia puani hadi kidevuni, macho tu ndiyo yaliyobaki. Juu yake, kwenye msumari, ilining'inia tarumbeta. Mtu alikuwa ameifuta vumbi, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Yaya aliingiza kreti ya sucré, soda za chupa, na kuku wawili waliofungwa miguu, akaviweka katikati ya chumba, ndivyo pardon inavyoombwa. Kisha akasimama.

"Papa Stanislas, maman, Bruno mutoto yetu. Sina mengi. Ule mutu aliwakosea iko mudogo yangu, na mudogo yangu ni mimi. Alikuwaga musukaji wa nywele. Nilimupa kazi kubwa kuliko mikono yake. Alifunga waya mubaya, waya ikavuta pile kupita nguvu, pile ikapasuka. Yeye mwenyewe anakubali. Anasikia haya, hawezi kusema. Njo maana ninasema kwa mahali pake. Mutusamehe."

Alisema vizuri. Sauti ilimkatika palipotakiwa kukatika, na Maman Martine alijifuta machozi. Hata mimi, ningekuwa mgeni pale, ningemsamehe huyo mdogo wake mpumbavu. Kazi kubwa kuliko mikono yangu! Mikono iliyolijenga duka lake!

Nikasimama. Nikatoa mtandio kichwani ili nione vizuri.

"Sikubali," nilisema.

"Zabibu, ikala," yaya alisema kwa upole.

"Papa Stanislas, naomba ruhusa."

Mzee alimtazama kaka yangu, akanitazama mimi, akakunja uso. "Si kawaida," alisema. "Lakini mutoto ni wetu aliumia, na ninataka kusikia. Sema."

Niliweka kipimo juu ya meza ndogo, nikachukua kichwa cha bomba la Bruno na kukiweka juu yake. Nilimwita Papa Stanislas asome mwenyewe. Alivaa miwani na kusoma sifuri nukta tano. Nikamweleza kwa maneno machache, kama nilivyowahi kumweleza Bruno: hii ndiyo nusu om, ndiyo aliyoomba, inadai amperi nane na kitu, na betri nzuri inatoa mara mbili ya hizo bila hata kupata moto. Bruno alitikisa kichwa kukubali. Alikumbuka hesabu.

"Waya ile ile," nilisema. "Haijabadilika. Sasa nitaifunga ku bomba yangu, na nitavuta mbele yenu. Kama waya yangu ndiyo iliharibu mudomo ya Bruno, basi iharibu na yangu."

"Yesu Maria," Maman Martine alisema.

Nilizungusha kichwa kile juu ya bomba langu la fedha. Nilitia pamba mpya, nikadondosha maji ya tangawizi. Sikuwa na hofu hata kidogo, na hilo nataka lieleweke. Betri iliyokuwa ndani ilikuwa ile ya ngozi ya zambarau, zawadi ya kaka yangu. Nilikuwa na uhakika nayo kuliko kitu chochote pale chumbani. Nilidhani hata yeye nilikuwa namsaidia: wangeona waya hauna kosa, wangesema ni bahati mbaya ya kiwandani, na sote wawili tungetoka pale na nyuso zetu.

Nilipeleka bomba mdomoni na kuweka kidole gumba kwenye kitufe.

Yaya aliruka. Aliiparamia meza, chupa za sucré zikaanguka, kuku wakapiga kelele, akanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu hadi bomba likaniponyoka.

"Hapana, Zabibu! Hiyo pile haiwezi!"

Bomba lilibingirika hadi miguuni pangu.

Papa Stanislas alivua miwani. "Haiwezi nini, Nasoro?"

Yaya bado alikuwa amenishika mkono. Niliangalia uso wake, ule ulioniamsha asubuhi za shule, na niliuona ukitafuta uongo na kuukosa.

"Ni ile ulinipa siku ya Idi," nilisema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Yaya. Si ni weye ulinipa?"

"Ku waya yako ile ya kila siku haina shida," alisema haraka, kwa sauti ya chini, kama tulikuwa wawili tu. "Waya yako inavuta kidogo. Moja na nusu, hata amperi tatu haifiki. Pile inaweza. Nilipiga hesabu, Zabibu. Nakuapia, nilipiga hesabu."

Alikuwa amenipigia hesabu. Nilijitoa mikononi mwake. Niliokota bomba, nikatoa betri ndani yake, nikachukua kiwembe changu cha kukatia pamba, nikaipasua ile ngozi ya zambarau kutoka juu hadi chini mbele ya wote. Chini yake palikuwa na chuma kilichochakaa, gundi ya zamani, na kwenye kitako chake madoa mawili madogo ya kuchomelea. Betri mpya haina madoa yale. Ni ya betri iliyofungwa na wenzake ndani ya kompyuta mpakato ya ofisi, ikatumika hadi ikachoka, kompyuta ikatupwa, na mtu akazibandua moja moja, akazivisha ngozi mpya yenye maandishi ya uongo. Nikayakumbuka yale mafurushi ya ngozi. Nikakumbuka na betri yake mwenyewe aliyoitenga na zetu kama mtu anayetenga sahani yake na ya mgonjwa.

"Zote?" Papa Stanislas aliuliza. "Zile mulipatia batu matabishi, zote ziko hivi?"

Yaya aliinamisha kichwa, ingawa kwa desturi cha kuinama pale kilipaswa kuwa changu.

"Na ukakuya hapa," Maman Martine alisema polepole, "ukakula kahawa yangu asubui, mutoto yangu iko ku opitali, ukabeba ile pile mu mufuko yako, ukanishika mukono, ukanitajia huyu mutoto wa mama yako."

Bruno aliinuka kwenye kona yake. Hakuweza kusema, lakini hakuhitaji. Alizikusanya chupa za sucré zilizoanguka, moja baada ya nyingine, akazirudisha kwenye kreti, akaibeba nje na kuiweka kwenye mvua iliyokuwa imeanza kunyesha. Akarudi, akachukua kuku, akawaweka kando ya kreti. Kwetu hilo halihitaji tafsiri: pardon imekataliwa. Kisha akavuta kiti chake, akakiweka karibu na cha mama yake, akanionyesha kwa kidole nikae.

Nilikaa. Yaya alisimama kidogo, akaniita kwa jina la utotoni, lile ambalo mama tu na yeye walilitumia. Sikugeuka. Nilisikia viatu vyake vikishuka kwenye matope, na kuku wakilalamika mkononi mwake.

Sikwenda Uvira. Niliandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa duka kwamba kila aliyepata betri ya matabishi airudishe nimchanie ngozi mbele ya macho yake. Wengi walirudi, wengine na matusi, na wote walikuwa na haki. Kutoka Kamituga hawajarudi wote, na kila simu ikilia moyo wangu unaruka. Bruno anajifunza ngoma. Anasema ngoma haihitaji meno, na anaposema hivyo mimi nageuza uso, kwa sababu tarumbeta bado ipo kwenye msumari na bado kuna mtu anaifuta vumbi.

Watu wa familia yetu wanakuja kunisuluhisha. Shangazi amepanda kutoka Uvira na kikapu cha ndagala, wale dagaa wa ziwani. Wote wana neno moja: "Msamehe kaka yako, Zabibu. Yeye ndiye aliyekushika mkono. Angenyamaza, ungepasuka. Aliharibu jina lake mbele ya watu ili kukuokoa." Na mimi nawakubalia, ni kweli, alinishika mkono. Alama za vidole vyake zilikaa juma zima.

Lakini tangu Idi hadi siku ile, kila asubuhi, nilikaa kwenye meza yangu, nikaliweka bomba alilonipa mdomoni, nikabonyeza, naye alikuwa amekaa pale pale akinitazama na kunywa chai yake.